Rambirambi zimebaki milioni 3.4 na watoto ni watatu: nianze wapi?

*"Shikamoo mama. Nina umri wa miaka 34, naishi Kihonda, Morogoro. Mume wangu alikuwa dereva wa lori katika kampuni binafsi. Mwezi wa kwanza alipata ajali akiwa safarini na gari la kazi, akafariki papo hapo. Nimetoka eda wiki iliyopita. Tuna watoto watatu: binti wa miaka 13 yupo darasa la saba, wa kiume ana miaka 8 yupo darasa la tatu, na wa mwisho, wa kike, ana miaka 3. Wakubwa wawili wanasoma shule ya binafsi, kila mmoja ada ni shilingi 1,200,000 kwa mwaka, na ya nusu ya pili ya mwaka haijalipwa. Mimi ni fundi cherehani. Kabla ya msiba nilikuwa nikipata kati ya shilingi 250,000 na 400,000 kwa mwezi baada ya kutoa kodi ya fremu. Tunapanga nyumba kwa shilingi 80,000 kwa mwezi. Tulijenga boma Mkundi ambalo halijaezekwa. Karatasi za kiwanja zina jina la marehemu na ziko kwa shemeji. Rambirambi alizishika shemeji, na nilipotoka eda amenikabidhi shilingi 3,400,000. Anashauri ninunue pikipiki ya bodaboda. Mama yangu anasema nipaue boma tuhamie. Rafiki yangu wa kikoba anasema ninunue hisa, kwa sababu nitaweza kukopa mara tatu yake. Nikiwa ndani ya eda mtoto aliugua, nikakopa shilingi 300,000 kwa watu wa kausha damu. Narejesha 15,000 kila siku kwa siku 30, na nimeshalipa siku 12. Benki nao wananipigia kuhusu mkopo wa marehemu uliobaki kama milioni 4. Sijawahi kupanga fedha peke yangu, yeye ndiye aliyekuwa akipanga. Kila nikikaa kuhesabu naingiwa na hofu, naacha. Nianze wapi?"*

Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa msiba. Mwenyezi Mungu amrehemu baba watoto wako na akupe subira.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja. Watu watatu wanaokupenda wamekupa njia tatu za kutumia shilingi 3,400,000, lakini katika yote uliyoniandikia sioni mahali ambapo mmoja wao amekuuliza nyumba yako inakula kiasi gani kwa mwezi. Wote wanaiona fedha hiyo kuwa mtaji, kwa sababu ni nyingi na imekuja kwa mkupuo. Mimi naiona tofauti, na nitakuonyesha kwa hesabu: kwa sasa fedha hiyo ni muda. Inaweza kukununulia mwaka mmoja wa kuishi bila kukopa, bila kuuza kitu, na bila kufanya uamuzi mkubwa ukiwa bado na majonzi. Hakuna pikipiki wala bati linaloweza kukupa hicho.

Tuanze na namba unayoiogopa. Nimeikadiria kutokana na maisha ya kawaida ya mji wenu, nawe utairekebisha kwa unavyojua jiko lako. Chakula cha watu wanne kwa shilingi 8,000 kwa siku ni 240,000 kwa mwezi. Kodi ya nyumba ni 80,000. Mkaa na gesi tuseme 45,000, maji na umeme 30,000, kisha dawa, sabuni, nauli na daftari 35,000. Jumla ni shilingi 430,000, bila ada. Upande wa mapato nakuomba uchukue mwezi wako mbaya, yaani 250,000, na uuache mwezi mzuri, kwa sababu mwezi mzuri hauhitaji mpango. Pengo ni shilingi 180,000 kila mwezi. Hiyo ndiyo namba yenyewe. Haipendezi, lakini ina kikomo, na hofu uliyokuwa nayo ilikuwa haina kikomo.

Sasa ipitishe milioni 3.4 katika pengo hilo. Toa shilingi 270,000 za kumaliza kausha damu, inabaki 3,130,000. Toa shilingi 600,000 za kumwezesha binti yako kumaliza darasa la saba pale alipo (nitaeleza kwa nini), inabaki 2,530,000. Pengo la shilingi 180,000 kwa miezi 12 ni 2,160,000. Kinachobaki ni 370,000, ambazo ni akiba ya miezi hii miwili ya kwanza, wakati wateja wako waliokwenda kwa mafundi wengine bado hawajarudi wote, na baadaye ni fedha za kununulia vitambaa vya sare za shule. Kwa hiyo unacho kitu, mwanangu, ila kimeshapata kazi yake kabla hata hujatoka nyumbani kwenda kununua pikipiki.

Deni la kwanza kuliondoa ni kausha damu, tena wiki hii. Wengi hudhani mkopo wa namna hii una riba ya nusu ya ulichochukua: umekopa 300,000, umerejesha 450,000, basi riba ni 150,000. Gharama yake halisi ni kubwa kuliko hapo. Wewe hukukaa na shilingi 300,000 kwa mwezi mzima. Ulianza kurejesha kesho yake, na kila siku fedha yao ilipungua mkononi mwako. Ukipiga wastani wa siku zote 30, ulikuwa unatumia kama shilingi 150,000 tu, na kwa kuzitumia unatozwa 150,000 nyingine. Ni sawa na riba ya asilimia 100 kwa mwezi mmoja. Ndiyo maana mtu mwenye cherehani yake, anayefanya kazi tangu asubuhi, hujikuta kila jioni hana hata ya mboga, akadhani tatizo ni uvivu au mkosi wake. Nenda na mtu mzima mmoja wa kushuhudia, waambie unataka kulipa yote kwa mara moja na uombe punguzo kwa kuwa unalipa kabla ya muda. Wakikubali au wakikataa, usitoe fedha bila karatasi iliyosainiwa kwamba deni limekwisha, na kama walichukua kitambulisho chako au kadi ya benki, virudi mkononi hapo hapo. Ukipata shaka juu yao, fahamu kwamba tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 mkopeshaji anatakiwa awe na leseni, na Benki Kuu hupokea malalamiko.

Deni la benki ni jambo jingine kabisa, na hapa kuna dhana potofu inayowaumiza wajane wengi. Mke harithi deni la mume kwa sababu tu alikuwa mke wake. Deni la marehemu hulipwa kutoka katika mali aliyoiacha, kabla ya warithi kugawana, na haligusi kipato cha cherehani yako isipokuwa kama ulisaini mwenyewe kuwa mdhamini au mkopaji mwenza. Zaidi ya hayo, mikopo ya wafanyakazi inayokatwa kwenye mshahara kwa kawaida huwa na bima ya mkopo, ambayo mkopaji huilipia siku anapochukua fedha, na kazi yake ni kulipa salio iwapo atafariki. Watakapopiga tena, usibishane nao kwenye simu. Nenda tawini na nakala ya cheti cha kifo, andika barua fupi ya kuwataarifu juu ya kifo na kuuliza kama mkopo ule ulikuwa na bima, kisha wakugongee muhuri kwenye nakala yako. Mpaka wakujibu kwa maandishi, usisaini karatasi yoyote ya kulibadilisha deni liwe la jina lako, hata ukiambiwa ni utaratibu wa kawaida.

Sasa nageukia fedha ambazo hukuzitaja kabisa, na ukimya huo umenishtua kuliko madeni. Mume wako alikuwa ameajiriwa na alifariki akiwa kazini. Hiyo ina maana kuna milango mitatu ya kugonga. Mlango wa kwanza ni mwajiri mwenyewe: mshahara wa siku alizofanya kazi, likizo ambazo hakuzichukua, na malipo mengine yaliyoandikwa kwenye mkataba wake. Wa pili ni Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, ambako wafanyakazi wa sekta binafsi huchangiwa asilimia 20 ya mshahara kila mwezi, na ambako kuna mafao ya wategemezi na msaada wa mazishi. Fika ofisi yao ya Morogoro na namba yake ya uanachama uombe taarifa ya michango, maana wapo waajiri wanaokata fedha kwenye mshahara bila kuzifikisha, na ni bora uligundue jambo hilo sasa. Wa tatu, ambao watu wachache wanaujua, ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Huo huchangiwa na mwajiri peke yake, na dereva aliyefariki kwa ajali akiwa na gari la kazi ndiye hasa aliyewekewa mfuko huo. Wategemezi wake, yaani mjane na watoto, wanaweza kulipwa fidia. Madai yake yana ukomo wa muda. Omba taarifa ya ajali polisi na umtake mwajiri athibitishe kwa maandishi kwamba ameshaitoa taarifa ya kifo kwa Mfuko. Fedha hizi zinaweza kuchukua miezi mingi, na ndiyo maana katika hesabu ya juu sikuziweka hata shilingi moja. Zikija, zitakuta nyumba imesimama.

Karibu milango yote hiyo itakuuliza barua ya usimamizi wa mirathi, na hapo ndipo penye moyo wa jambo lako. Kwa kuwa marehemu alikuwa Mwislamu, Mahakama ya Mwanzo ya eneo alilokuwa akiishi ina mamlaka ya kushughulikia mirathi yake. Utahitaji cheti cha kifo kutoka RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, cheti cha ndoa, na muhtasari wa kikao cha familia kinachompendekeza msimamizi. Msimamizi anaweza kuwa wewe. Watu wengi hudhani lazima awe mwanamume wa upande wa mume. Kwa mirathi ya Kiislamu kama hii, haipo sheria ya namna hiyo. Na awaye yote, msimamizi hageuki kuwa mwenye mali: ndani ya miezi minne tangu kuteuliwa anatakiwa kuirejeshea mahakama orodha ya kweli ya mali na madeni ya marehemu, isipokuwa mahakama ikimwongezea muda.

Kuhusu mafungu, nitakuambia kama yalivyo, pamoja na sehemu ambayo huenda usiipende. Wakwe zako hukuwataja, nami nachukulia mfano kwamba mama mkwe yu hai na baba mkwe alishatangulia. Mali ikigawanywa mafungu 24, mjane mwenye watoto hupata thumuni, ambayo ni mafungu 3. Mama wa marehemu hupata sudusi, mafungu 4. Na mafungu 17 yanayobaki ni ya watoto, wa kiume akipata sawa na wa kike wawili. Maadamu marehemu ameacha mtoto wa kiume, ndugu zake hawana fungu. Kwa hiyo mama mkwe ana haki ambayo huwezi kuifuta kwa kuwa ulimuuguza au kwa kuwa una shida, na shemeji hana haki anayoweza kuidai kwa kuwa alishika karatasi. Wewe na wanao mna mafungu 20 kati ya 24. Kabla ya hayo yote hutolewa gharama za mazishi na madeni, na kama mahari yako haikumalizwa, nayo ni deni linalokuhusu wewe. Vilevile, kama ulinunua tofali za lile boma kwa fedha za cherehani, tafuta risiti na mashahidi, kwa sababu una haki ya kuieleza mahakama ni kipi kilichokuwa chako hata kabla ya kifo, ili kitenganishwe na mali ya marehemu. Msomaji wa imani nyingine asichukue mafungu haya kuwa yake. Kwake sheria na hata mahakama ya kuanzia inaweza kuwa tofauti.

Neno moja dogo hapa: usitoe fedha kwenye laini ya simu ya marehemu kwa kutumia namba yake ya siri, hata kama unaijua na hata kama ni shilingi 40,000. Itunze laini, usubiri barua ya mahakama. Nimeona familia zikivunjika kwa muamala mmoja uliofanywa baada ya mazishi, na aliyeufanya alikuwa ananunua maziwa ya mtoto.

Baada ya hayo, utaona mwenyewe kwa nini siwezi kukushauri upaue boma sasa. Mama yako ana hoja: kodi ya 80,000 ni 960,000 kwa mwaka, na kuikwepa ni jambo zuri. Lakini kiwanja bado ni cha warithi wote kwa pamoja, karatasi haziko kwako, na bati utakaloligongelea leo kwa fedha yako halitatenganishwa kirahisi na nyumba siku ya mgawanyo. Aidha, kupaua hakuishii kwenye bati. Kuna mbao, fundi, milango, madirisha na choo, na milioni 3.4 itaishia njiani ukiwa huna akiba na bado unalipa kodi. Mirathi ikikamilika na mkakubaliana na mama mkwe namna ya kumfidia fungu lake, wazo la mama litakuwa la kwanza mezani.

Pikipiki ya shemeji nimeihesabu kwa moyo mweupe, kwa sababu si wazo la kipuuzi. Tuseme inagharimu shilingi 2,900,000 na dereva analeta hesabu ya 8,000 kwa siku 26 za mwezi. Hiyo ni 208,000, na kwenye karatasi inaziba pengo lako lote. Ondoa oili, matairi, bima na matengenezo, unabaki na kama 150,000 kwa mwezi, mwezi ambao dereva hakuugua, hakukamatwa, wala hakukwambia "leo biashara ilikuwa ngumu, mama". Itachukua zaidi ya mwaka mmoja na nusu kurudisha fedha yako, na muda huo wote pikipiki inachakaa. Tatizo kubwa ni kwamba baada ya kuinunua utabakiwa na shilingi 500,000 mkononi, na ndani yake hakuna ada wala deni lililolipwa. Ikipata ajali mwezi wa pili, utarudi kwa kausha damu. Na wewe hujui kazi ya bodaboda, unajua kushona.

Kikoba sitakizungumzia kwa urefu. Endelea na hisa zako ndogo za kila wiki kama ulikuwa nazo, kwa sababu wanawake wale watakusaidia siku ya ugonjwa. Usiongeze. Kukopa mara tatu ya hisa kunamfaa mwenye biashara inayosubiri mzigo, na wewe kwa sasa unahitaji kukaa bila marejesho.

Shule najua ndiyo inayouma. Binti yupo darasa la saba na mtihani wa taifa ni Septemba. Kumhamisha sasa, baada ya kumpoteza baba, ni kumtoa kwa walimu na marafiki wanaomjua katika miezi michache iliyobaki. Mlipie hizo 600,000, uombe kuzigawa kwa awamu, na mkuu wa shule aambiwe ukweli wa msiba. Kuanzia kidato cha kwanza atakwenda shule ya serikali, ambako ada iliondolewa tangu 2016 hadi kidato cha nne, na tangu 2022 hadi kidato cha sita. Mdogo wake wa darasa la tatu ningemhamisha shule zitakapofunguliwa Julai. Gharama zake ni za kweli: alijifunza hesabu kwa Kiingereza, sasa atakutana na "kutoa kwa kuchukua" na "kigawo", na mwakani kuna upimaji wa darasa la nne. Atahitaji dada yake amfundishe maneno hayo jioni, na huenda matokeo yakashuka muhula mmoja. Pia shule ya serikali bila ada haina maana ya shule bila gharama. Sare, daftari na mchango wa chakula vitabaki. Hata hivyo, kubaki pale alipo kunakula zaidi ya miezi mitatu ya pumzi ya nyumba nzima, na mzazi anayekopa ili asimhamishe mtoto huishia kumhamisha baadaye kwa kufukuzwa ada, mbele ya wenzake. Zungumza naye mapema, kwa maneno machache, kabla hajasikia kwa jirani.

Sasa mpango wenyewe wa kila siku, maana umeniambia hujawahi kupanga. Shida ya fundi cherehani ni kwamba kipato chake huja kwa misimu: Sikukuu ya Idi, Desemba, sare za Januari, na harusi za hapa na pale. Mshahara wa mume wako ulikuwa kama gogo lililonyooka ambalo kipato chako kiliegemea kikipanda na kushuka. Gogo limeondoka, kwa hiyo inabidi ujitengenezee jingine. Fungua akaunti ya benki yenye jina lako peke yako, weka humo fedha yote, na kila unachopata dukani kiingie humo pia. Kisha kila Ijumaa jilipe shilingi 80,000, bila kujali wiki hiyo duka limeleta 30,000 au 180,000. Shilingi 56,000 ni chakula, zinazobaki ni mkaa, maji, umeme na mengineyo; ya kodi ya nyumba inakaa benki mpaka mwenye nyumba aitake. Wiki nzuri inailipia wiki mbaya bila wewe kujisikia tajiri wala maskini, na hiyo ndiyo kazi ambayo mshahara ulikuwa ukiifanya kimya kimya.

Dukani kuna mtego mmoja ninaoufahamu kwa karibu. Mteja analeta kitenge, anatoa advansi ya 10,000 kwa gauni la 25,000. Jioni ile unanunulia unga. Siku ya kushona inabidi ununue bitana, zipu na uzi, huna, unachukua advansi ya mteja wa pili, na wa pili unamlipia kwa wa tatu. Mwisho kuna viroba vya vitambaa vya watu na simu unaogopa kupokea. Advansi si yako mpaka nguo itoke mlangoni. Iweke kwenye bahasha, iandike jina la mteja, uibane na kitambaa chake; ndani yake zitoke zipu na bitana za nguo hiyo hiyo.

Ndugu wataomba. Baada ya msiba watu hujua kiasi cha rambirambi kuliko mwenyewe. Huhitaji kusema uongo, sema, "Fedha za watoto zimefungwa mpaka mirathi iishe, nami najilipa kwa wiki." Atakayekasirika kwa sentensi hiyo angekasirika pia usingemwambia.

Yapo mambo ambayo ushauri wa maandishi hauyatoshi. Ukisikia kiwanja kinatafutiwa mnunuzi, usisubiri kikao: toa taarifa kwa maandishi serikali ya mtaa wa Mkundi siku hiyo hiyo, uende Mahakama ya Mwanzo. Wapo wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ambao hawatozi fedha, na afisa ustawi wa jamii wa manispaa atakuelekeza waliko. Wakopeshaji wakija kutisha au kubeba cherehani, hilo ni la polisi. Na kama usingizi haurudi, huli, au unajikuta unawaza kwamba watoto wangekuwa salama bila wewe, nenda hospitali leo, kabla ya benki, kabla ya mahakama, ukiwa na mtu unayemwamini.

Mshirikishe binti yako kidogo. Ana miaka 13 na ameshaona kwamba mambo yamebadilika. Asipoelezwa atabuni makubwa kuliko yaliyopo. Mwonyeshe bahasha ya Ijumaa na umwambie chakula na shule yake vimeshapangwa. Usimpe orodha ya madeni.

Oktoba ikifika, kabla mafundi wengine hawajaamka, pita kwenye shule za jirani uulize sare za Januari, ukiwa na kile kilichobaki katika ile 370,000 kwa ajili ya vitambaa vya mwanzo. Na mwakani wakati kama huu, ikiwa akaunti bado ina matumizi ya miezi minne na barua ya mirathi umeshaipata, niandikie tena. Mwalike na shemeji, tuihesabu ile pikipiki pamoja.